Musinivute Mukiimba

Bwana asifiwe. Jina la mutu sitataja, lakini wenye walikuwa pale wanajijua, na bengine wameketi hapa.

Bamama, munajua mvua ya kwetu Kadutu. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, udongo ukakatika, nikashuka nao mpaka chini ya korongo. Mutoto wangu wa kunyonya akabaki juu, kwa jirani.

Vijana ba secours, wale waokoaji wa avenue yetu, wakakuja na kamba na mapuli, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Puli, ndugu zangu, iko inaongeza nguvu: watu watatu wanavuta kama kumi. Lakini siye tumezoea salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Kazi ikiwa nzito, wote tunashika, tunaimba. Basi avenue nzima ikashika kamba, wimbo juu.

Mguu wangu ulikuwa umebanwa na jiwe. Nikalia, "Simameni! Mguu!" Nani asikie? Kamba ikakaza, wakaona ni uzito tu, wakaongeza watu. Boriti yenye walifungia puli kule juu ikangʼoka. Nikaanguka tena, mukono ukavunjika.

Maman mumoja muuza makala akawafokea: "Nyamazeni! Muko munaimba matanga yake?"

Wakaacha wimbo. Kijana mumoja wa secours akashuka, akatoa lile jiwe, akanifunga upya. Mukubwa wao akaniita toka juu: "Maman, tunavuta!"

"Ngoja. Umefunga wapi?"

"Kwa muti."

"Muti gani?"

"Avoka."

"Na kamba ya pili?"

"Ya pili ya nini?"

"Ya kunishika hii ikikatika!"

Akacheka. "Hata mu shimo unatoa amri! Mutoto wako analia, panda tu."

Nikamwambia, "Alie. Kilio nitakituliza. Uyatima nani atautuliza?" Nikakataa kuvutwa.

Hapo ndipo Mungu alinisaidia, kwa kunipa kichwa kigumu. Walinuna, lakini wakafunga kamba ya pili kwa nguzo ya beto, ile ya saruji. Mumoja akalala ukingoni, kazi yake kunisikiliza tu. Watatu wakavuta. Nikisema "simama", wanasimama. Nikatoka.

Namushukuru yule maman, na kijana mwenye alishuka. Naye mukubwa wao namushukuru, ijapo alicheka.

Lakini nawaambia wazi: Jumamosi niliwaona hao ba secours kwenye mazoezi ya kuvuta kamba, wanaimba tena. Siwaamini! Na ninyi musiamini kamba kwa sababu mwenye kuishika ni ndugu wa kanisa. Ulizeni imefungwa wapi. Akikasirika, akasirike. Na wewe mwenye kuvuta, ukiona kamba inakaza, usiongeze watu. Nyamaza, umuulize mwenye iko chini.