Miaka Thelathini Kwenye Meza ya Pasipoti: Maman Domitille M'Kagaragu

Ijumaa tarehe 28 Juni 1991, Maman Domitille M'Kagaragu anafunga droo ya meza yake katika Ajensi ya Safari Nyenyezi, hapa Nyawera mjini Bukavu, baada ya miaka thelathini ya kazi. Aliingia mwaka 1961 akiwa msichana wa kupiga mashine, anatoka akiwa mkuu wa huduma ya hati za safari. Wasomaji wa zamani wataona kwamba jarida hili linamwita Domitille kwa mara ya kwanza. Zamani tuliandika "Citoyenne M'Kagaragu", yaani Mwananchi M'Kagaragu, kama sheria ilivyotaka. Tangu mwaka jana majina ya ubatizo yamerudi kwenye karatasi, nasi tunafurahi kuanza na lake.

Alizaliwa Kalehe, akasoma kwa masista, akaja Bukavu kukaa kwa dada yake mkubwa, Emérence. Meza aliyopewa ilikuwa karibu na mlango, penye baridi na vumbi, na hakuna aliyeitaka. Lakini mteja akiingia, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yeye. Baada ya mwaka mmoja wateja walikuwa wanampita mkurugenzi na kwenda moja kwa moja kwa "yule maman wa mlangoni".

Watu wengi hudhani kazi yake ilikuwa kujaza karatasi. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Mtu wa kuvuka Ruzizi kwenda sokoni Cyangugu hahitaji hati ile ile ya mtu anayekwenda Brussels, na anayekwenda Bujumbura kwa gari si sawa na anayepanda meli itakayotia nanga katika nchi nne. Kabla ya kugusa kalamu, Maman Domitille alimuuliza kila mteja: "Unaenda wapi? Utapita wapi? Na ukikwama njiani, utarudi namna gani?" Hilo la tatu liliwaudhi wengi. Bwana harusi mmoja alimwambia kwamba anamtabiria mabaya. Akamjibu kwamba yeye si mganga, yeye ni wa pasipoti.

Mwaka 1967, vita vilipoingia mjini, alibeba pasipoti za wateja ndani ya kikapu cha unga wa muhogo mpaka kwa Emérence, na vita vilipokwisha akazirudisha kwa wenyewe, nyeupe kidogo kwenye pembe lakini zote nzima. Kisha kuna hadithi ya vyura. Mtafiti mmoja wa kituo cha utafiti cha Lwiro alikuwa anawapeleka Ulaya vyura waliolala katika chupa za pombe kali. Maman Domitille aliwatafutia vyura karatasi zote, mihuri yote, halafu siku ya safari ikaonekana kwamba mtafiti mwenyewe chanjo yake ya homa ya manjano imepitwa na wakati. Vyura waliondoka. Mtafiti aliwafuata wiki iliyofuata.

Na koti la Gérard, nani amelisahau? Gérard, mpiga picha wa jirani, alikuwa na abakosti moja ya kijivu, lile koti rasmi lisilovaliwa na tai, kwa wateja waliokuja na shati tu. Kuna miaka ambapo nusu ya wanaume wa Bukavu walisafiri duniani wakiwa na koti moja, na Maman Domitille ndiye aliyelishonea vifungo.

Lakini sisi tuliofanya kazi naye, tukimtaja, tunafikiria kwanza safari ya mwaka 1973. Mimi nilikuwa nauza tiketi. Niliyoyaona nayaeleza, na yale ya melini niliambiwa na waliokuwamo.

Mwaka ule wakristo wa parokia kadhaa za mjini waliamua kwenda kuhiji Nchi Takatifu: ndege mpaka Roma, halafu meli kutoka Napoli, ikipita Ugiriki na kisiwa cha Kupro. Kiongozi wa kamati yao alikuwa Papa Marcellin, karani wa serikali, mtu mwenye haraka na moyo mwema. Aliomba pasipoti ya kundi, yaani hati moja yenye majina na picha za wote, inayoshikwa na kiongozi mmoja. Maman Domitille alipendelea kila mtu awe na pasipoti yake.

"Tunaenda pamoja, tunarudi pamoja," alisema Papa Marcellin. "Pasipoti moja inatosha."

"Na mutu mumoja akigonjwa katikati?"

"Tutamuombea, maman."

Watu wakacheka, naye pia akacheka. Ukweli ni kwamba Papa Marcellin alikuwa na hoja. Pasipoti za mtu mmoja mmoja zilitengenezwa Kinshasa, na meli isingengoja. Maman Domitille alikubali, ila alidai hati iandikwe kiongozi na msaidizi wake, na kila mtu abebe kitambulisho chake cha uraia hata kama hakuna atakayekiuliza. Kwa kuwa yeye alikuwa na pasipoti yake mwenyewe, mahujaji walimwomba awe kiongozi. Papa Marcellin akawa msaidizi. Waliondoka watu kumi na saba. Hatukuwahi kumwona Maman Domitille na furaha kama ile ya asubuhi ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Alibeba chupa ndogo ya dawa, tupu, iliyooshwa vizuri, ya kutia maji ya Yordani.

Miongoni mwao alikuwamo Maman Rosalie, mjane, muuza maharagwe wa soko la Kadutu, mama wa miaka sitini hivi. Meli ilipotoka Ugiriki alianza kushika tumbo. Walipofika bandari ya Kupro alikuwa hawezi kusimama. Daktari wa meli alisema ni kidole tumbo, na kwamba lazima apasuliwe siku hiyo hiyo, nchi kavu. Meli ilikuwa ya kuondoka mchana.

Afisa wa bandari alipanda, akaangalia pasipoti ya kundi, akatikisa kichwa. Daktari, aliyesema Kifaransa, alitafsiri: hati hii haigawanyiki. Washuke wote au asishuke mtu.

Kama wangeshuka wote, hija ilikuwa imekwisha. Wengine walianza kulia, wengine wakasema washuke. Maman Domitille alimwomba afisa njia nyingine. Jina la mgonjwa lifutwe kwenye hati kwa muhuri, kundi liendelee na msaidizi aliyeandikwa humo, na mgonjwa apewe karatasi ya muda ya kukaa na kusafiria. Yeye mwenyewe atabaki na mgonjwa, na pasipoti yake ataishika afisa kama dhamana. Afisa alifikiri, kisha akakubali. Akatoa karatasi, akaomba kitambulisho. Kilikuwapo. Kiliandikwa "Bulonza".

Akainama kwenye machela, akamuuliza mgonjwa jina.

"Rosalie."

Akauliza tena.

"Rosalie."

Afisa akaweka kalamu chini. Kwake hao walikuwa wanawake wawili. Maman Domitille alipiga magoti kando ya machela.

"Maman, jibu jina ya kitambulisho. Jibu Bulonza, basi watakupeleka."

"Ile ni jina ya baba, siikatai," alisema Maman Rosalie, jasho likimtoka. "Lakini nikikufa mu ile hospitali, Domitille, watanizika na jina gani? Padiri atanitafuta wapi? Mimi nilibatizwa Rosalie. Kama haiko kwenye karatasi, unirudishe ndani, nifie katikati ya wenzangu."

Wasomaji vijana huenda hawajui uzito wa jambo hilo. Tangu mwaka uliotangulia, kwetu Zaïre, jina la kikristo lilikuwa limeondolewa kwenye hati zote. Kurudi nyumbani na karatasi yenye jina hilo kulikuwa kujitafutia maneno. Maman Domitille aliijua sheria hiyo vizuri, maana alikuwa anawaeleza wateja kila siku.

Akasimama, akamwambia daktari: "Mwombe aandike yote mawili. Bulonza, aitwaye pia Rosalie. Mimi natia sahihi kwamba ni mtu mmoja."

Papa Marcellin alimvuta pembeni. "Domitille, hilo jina likionekana Kinshasa, utajibu nini?"

"Sijui. Nitajibu nikifika. Angalia maman vile anapumua."

Afisa akaandika yote mawili. Maman Rosalie akakubali kubebwa. Kabla ya kushuka ngazi, Maman Domitille alimpa Papa Marcellin pasipoti ya kundi, akamwonyesha palipo na muhuri mpya, akampa na ile chupa. Kisha akashuka, na hakugeuka. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aliogopa kugeuka, maana angeona meli inaondoka na Yerusalemu yake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kwa muda wa wiki mbili hivi Maman Domitille alilala kwenye kiti kando ya kitanda, katika wodi ambamo hakuna aliyejua neno la Kiswahili, wala Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na Kifaransa walikijua kidogo sana. Maman Rosalie, alipopata nguvu, aliwafundisha wauguzi kusema "jambo", na walipokosea aliwacheka mpaka mshono ukamuuma.

Afisa alirudisha pasipoti, nao wakapanda ndege ya kurudi. Kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa, mambo yalikuwa vile Papa Marcellin alivyohofia. Mkaguzi alisoma karatasi, akasimamisha kidole kwenye jina la pili. Maman Rosalie aliruhusiwa kukaa kwenye benchi kwa sababu ya kidonda chake. Maman Domitille aliingizwa ofisini, akakaa humo siku nzima.

"Citoyenne, sheria unaijua?"

"Naijua, citoyen."

"Na ukaandikisha hilo jina?"

"Niliandikisha. Huyu maman alikuwa anakufa, na bila jina hilo alikuwa hakubali kupelekwa. Kama ni kosa, liandike kwangu. Yeye alikuwa mgonjwa tu."

Mkaguzi aliichukua karatasi, akawaacha waende. Lakini barua ya onyo ilifika Bukavu kabla yao. Mwaka ule Maman Domitille alikuwa ameahidiwa ukuu wa huduma. Kiti akapewa mwingine, na yeye akarudi kwenye meza ya mlangoni. Tusiseme kwamba hakuumia. Aliumia. Kwa miezi kadhaa hakula nasi mchana, na Emérence alituambia kwamba nyumbani alikuwa analia akipepeta mchele, halafu anasema ni vumbi la mchele. Alikaa kwenye meza ile miaka saba zaidi. Ukuu aliupata mwaka 1980, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Papa Marcellin na kundi walikuwa wamerudi salama, na chupa imejaa. Maman Domitille alimpa Maman Rosalie nusu ya maji, nusu akampa Emérence. Maman Rosalie aliuza maharagwe Kadutu kwa miaka mingine kumi na mitatu. Kila alipopata mzigo mpya kutoka Kalehe alituletea kibakuli hapa ofisini, akitangaza mlangoni kwa sauti kubwa kwamba ni "ya ule mutoto alinirudisha". Mwaka 1986 alilala usingizi wa mwisho nyumbani kwake, na padiri alimzika kwa majina yake yote mawili.

Kazi nayo ilibadilika kwa sababu ya safari ile. Alipokuwa mkuu, Maman Domitille aliweka desturi kwamba hakuna mteja wa ajensi yetu anayepanda meli ya nchi nyingi bila pasipoti yake mwenyewe mfukoni. Kundi likitaka hati moja, iwe kwa safari ya barabara, kwenda na kurudi, na hapo pia kila mtu abebe kitambulisho. Nchi jirani zilipokubaliana juu ya karatasi nyepesi ya kuvukia mipaka ya Maziwa Makuu, alikuwa wa kwanza kuisifu, na wa kwanza kuwaeleza watu mahali inapoishia. Wanaoondoka Luhwindja au Kalehe bila kujua kusoma alikaa nao mpaka waweze kueleza kwa maneno yao wenyewe kila karatasi ni ya nini. Mkurugenzi alilalamika kwamba foleni inafika barabarani. Foleni iliendelea kufika barabarani.

Kiti chake kinakwenda kwa Colombe, ambaye amefundishwa naye kwa miaka sita na anajua kwamba simu baada ya saa sita mchana ni za Emérence. Maman Domitille anarudi Kalehe, kwenye shamba la wazazi, ambako amekwisha panda kahawa na ugomvi wa mpaka na jirani.

Juzi tulipokusanyika kumuaga, mmoja wetu alimuuliza kama hasikitiki kwamba alifika karibu hivyo na Nchi Takatifu na hakuikanyaga. Akanywa fanta yake.

"Nilisikitika," alisema. "Ningesema hapana, ningekuwa naongopa. Lakini tuliondoka watu kumi na saba, na watu kumi na saba walirudi kwao. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi. Mulitaka nirudi na Yerusalemu na kumi na sita?"

Colombe akaanza kupiga makofi, nasi tukafuata.

Maman Domitille, asante kwa miaka yako. Asante kwa swali la tatu, lile la kuudhi. Tunakuombea afya, mvua kwa wakati wake, na siku nyingi za kuamka bila foleni mlangoni. Uishi vema, maman.

Apollinaire Cishugi, huduma ya tiketi, kwa niaba ya wafanyakazi wote