Mbwa wa Mkunga Hatolewi Hivi Hivi

Benchi la kijiweni, lile lililoegemea ukuta wa duka la baiskeli, Msumari alilitengeneza mwenyewe kwa mlango wa zamani, na tundu la kitasa bado lilikuwepo pale pa kukalia. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Msumari, seremala, maneno yake ya kuhesabu. Spana, fundi baiskeli, mpenzi wa methali, ingawa methali zenyewe hazikumpenda. Na Wakili, ambaye sheria hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu chapa barua zao, na kila barua ikishinda alijihesabia ushindi yeye. Kahawa ilikuwa ya Shemeji. Kila mtu alimwita hivyo na hakuna aliyejua kaolewa na ndugu wa nani. Ng'ambo ya barabara aliishi Mkunga mstaafu, mama aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, na ambaye sasa alikuwa anafuga mbwa jikoni kwake na kuwatafutia watoto wao nyumba. Jumamosi hiyo Msumari alikuwa ametoka kunyimwa mtoto wa mbwa kwa mara ya pili, na kijiwe kilitaka maelezo.

— Kakwambiaje hasa? — Spana aliuliza, tairi likiwa mapajani.

— Kasema bado.

— Bado nini?

— Bado tu.

— Watoto sita wamo ndani, wewe nyumba unayo, uzio umeupiga kwa mkono wako, halafu bado?

— Uzio kaukagua. Kaingiza mkono chini ya geti aone kama mtoto anapenya. Kauliza mchana nani anabaki nyumbani, nikisafiri nani atampa maji, makopo yangu ya vanishi nayaweka wapi.

— Vanishi inahusu nini?

— Mtoto wa mbwa analamba kila kitu.

Wakili alijikohoza kama mtu anayesimama mbele ya hakimu.

— Jamani, kesi iko wazi. Yule mama anaozesha. Wale ni mabinti zake, na wewe umekwenda kuposa mikono mitupu. Ungemtanguliza mshenga.

— Mshenga wa mbwa? — Shemeji alicheka, akimimina.

— Usicheke. Kaja kukagua ukweni, huyo.

— Wahenga walisema, — Spana akaingilia, — mchagua jembe si mkulima.

— Jembe limeingiaje hapa?

— Jembe haliulizwi limeingiaje, jembe linashikwa. Nisikilizeni mimi. Mtu anayepima mbwa kwa mizani ya jikoni kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, huyo ana jambo. Na kila Jumamosi anawaleta hapa kwa kapu. Hapa! Kwa nini hapa? Mbona hawapeleki sokoni?

— Kwa nini?

Spana aliinamisha kichwa, sauti ikashuka.

— Wanakuja kusikiliza.

Shemeji alitazama nyuma kabla hajajizuia.

— Wale masikio yao si ya bure, — Spana aliendelea. — Tunayoyasema hapa yanafika. Mmeona fundi redio haji tena? Ana yake, anajua yatasikika. Ndiyo maana Msumari ananyimwa. Hasemi kitu! Mbwa watapata nini kwake?

Walicheka, na Msumari akacheka kidogo pamoja nao. Lakini kulikuwa na swali moja la Mkunga ambalo hakuwaambia. Mama yule alikuwa amemtazama juu ya miwani na kumwuliza, "Mbwa unamtaka wa nini?" Naye akajibu, "Wa ulinzi." Mkunga akafunga daftari lake taratibu, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kumuudhi mgeni.

Ulinzi haukuwa ukweli. Ukweli alikuwa binti yake wa miaka tisa. Miaka miwili iliyopita mbwa wa jirani alikata mnyororo akamng'ata mguuni, chini ya goti. Kidonda kilipona, hofu haikupona. Tangu hapo mtoto hakutembea peke yake hata mpaka dukani. Shuleni alipitishwa njia ya mzunguko, baba yake pembeni na kipande cha ubao mkononi. Marafiki zake waliokuwa na mbwa alikuwa ameacha kwenda kwao, kisha nao wakaacha kuja. Msumari aliwaza kwamba mbwa mmoja mpole, akikua mbele ya macho ya mtoto, angemwondolea mzigo ule. Lakini hilo angelisemaje kijiweni, mbele ya Spana anayetania hata misiba?

Wakati huo huo Mkunga alivuka barabara, kapu mikononi, na mbwa mama akimfuata nyuma, matiti bado yananing'inia. Aliliweka kapu chini karibu na mashine ya upepo. Watoto sita walimwagika humo, kila mmoja na uzi wa sufu wa rangi yake shingoni. Spana alijaza tairi, mashine ikanguruma. Watano wakarudi mbio kwa mama yao. Wa sita, mwenye uzi mweupe, aliitazama mashine, akapiga miayo.

— Mama, shikamoo, — Wakili alisema. — Tulikuwa tunajadili kwa nini unawaleta hapa.

— Marahaba. Mtaa mzima hakuna penye kelele kama hapa. Mtoto akiwazoea nyinyi, hatashtuka tena na kitu duniani.

Spana alijifanya hakusikia.

— Na mbona huwatoi? — Wakili aliendelea. — Wana wiki saba, wanakula wenyewe. Wengine wanawatoa wakiwa na wiki nne.

— Asiyefunzwa na mamaye, — Mkunga alisema.

— Hula mbivu, — Spana akamalizia kwa furaha.

— Hufunzwa na ulimwengu, fundi. Tazama pale.

Mwenye uzi mwekundu alikuwa amemng'ata ndugu yake sikio. Ndugu akapiga kelele, akamwacha, mchezo ukaisha. Mwekundu akabaki peke yake, haelewi. Alipojaribu kumng'ata mama, mama akamkoromea na kumwinamisha chini kwa pua.

— Hapo anajifunza kwamba meno yana mpaka, — Mkunga alisema. — Hilo siwezi kumfundisha mimi wala wewe. Anayetolewa mapema akafungwa mnyororo, mpaka huo hajawahi kuuona. Halafu siku anamng'ata mtu tunasema mbwa mbaya.

Msumari aliweka kikombe chini. Mbwa wa jirani aliletwa kwenye boksi, mdogo kama kiatu, akafungwa siku hiyo hiyo. Alikumbuka hata mlio wake.

— Mama, — alisema. — Ule ulinzi nilikudanganya.

Msumari alieleza yote, macho yake kwenye kahawa: mnyororo, mguu, njia ya mzunguko, marafiki walioacha kuja. Alieleza vibaya, akirudia na kuruka, maana hakuwahi kuyasema kwa sauti. Alipomaliza alisubiri mzaha.

— Kumbe ndiyo ule ubao wa asubuhi, — Spana alisema polepole. — Mimi miaka yote nilidhani unapeleka kazi kwa mtu.

Hakuongeza methali.

— Mlinzi nisingekupa, mwanangu, — Mkunga alisema. — Anayetaka mlinzi anataka mnyororo. Hili la mtoto ni jambo jingine. Yeye mwenyewe umemwuliza?

— Nilitaka nimshtukize.

— Mtoto anayeogopa mbwa unataka umshtukize kwa mbwa?

Wakili alifungua mdomo amtetee mteja, akaishia kunywa kahawa.

— Kamwulize. Akikataa, limekwisha, na wewe usimlaumu. Akikubali, aje kwangu kila anapotaka, asimame anapotaka. Mbwa habebwi kupelekwa kwake. Nikiona mtoto anafanyiwa haraka, mbwa simtoi.

Jioni ile Msumari alimwuliza binti yake walipokuwa wanaokota maranda karakanani. Mtoto aliokota konzi mbili zaidi kabla hajauliza.

— Wana meno?

— Wanayo. Madogo.

— Naweza kuwaona dirishani?

Ikawa hivyo. Wiki ya kwanza alisimama nje ya dirisha la jiko la Mkunga, mkono wa baba yake kaushika mpaka vidole vikaingia weupe. Aliona watoto wakilala karibu na jiko, sufuria zikigongana na redio ikiimba, wala hawajali. Wiki ya pili Mkunga alimpitishia daftari na kalamu kupitia nondo, akawa anasoma mizani kwa sauti na mtoto anaandika. Alishika kazi kwa ukali. Mkunga akikosea rangi, anasahihishwa.

Wakati huo nyumba zilikuwa zinapatikana. Mwekundu, asiyechoka, alikwenda kwa mwoka mikate mwenye wavulana wanne. Wa kijani, mpenda kukaa, alichukuliwa na mwalimu na mkewe, wazee wa kutembea taratibu. Kila familia ilipewa kipande cha blanketi chenye harufu ya mama, na barua iliyopigwa chapa na Wakili: ukishindwa naye, mrudishe kwangu, usimwache barabarani. Wakili aliisoma kijiweni mara tatu na kusema ni mkataba usiovunjika hata mbele ya malaika.

Wiki ya tatu binti akauliza, akiwa bado nje ya dirisha:

— Mweupe anakwenda kwa nani?

— Bado sijajua, — Mkunga alimjibu. — Huyu hana haraka. Anamtaka mtu asiye na haraka.

Jumamosi ya nne mtoto alimwambia baba yake kwamba hataki dirisha tena. Anataka nje, mahali penye nafasi ya kukimbia. Mkunga akachagua kijiweni, akaja mapema kutoa masharti.

— Hakuna kuita mbwa, hakuna kupiga makofi, hakuna kumwambia mtoto usiogope. Na hakuna kuongea.

— Kwa muda gani? — Spana aliuliza.

— Mpaka niseme.

— Mama, mimi nina ugonjwa wa moyo.

— Utapona.

Binti alifika na baba yake. Msumari alitazama huku na huku, akagundua kwamba asubuhi ile hakukumbuka ubao. Mtoto alikaa chini kando ya benchi, ubavu umeelekezwa barabarani, mikono mapajani kama alivyoelekezwa, macho kwenye vidole vyake. Mkunga alimweka mweupe chini, mbali kidogo, akaondoka.

Mbwa alinusa tairi. Alinusa funguo za Spana, na Spana akauma midomo. Alifika kwenye kiatu cha Wakili, akachuchumaa, akakojoa. Wakili aliinua kidole kutaka kusema neno, Mkunga akamtazama, kidole kikashuka. Shemeji aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Kisha mbwa akamwona mtoto. Alikwenda hatua tatu, akakaa. Akaenda mbili. Msumari alikuwa ameshika ukingo wa benchi lake kana kwamba litapaa. Aliona mguu wa binti yake ukitetemeka, ule wenye kovu, na kila kitu ndani yake kilitaka kuruka kumnyanyua. Hakuruka.

Mbwa alinusa kandambili. Alilamba kidole gumba. Mtoto akafumba macho, akavuta pumzi kwa nguvu, lakini mguu haukuondoka. Mbwa akajizungusha mara mbili, akajiangusha, akaweka kidevu juu ya unyayo, akalala.

Dakika zilipita. Mguu uliacha kutetemeka. Mtoto alifumbua jicho moja, kisha la pili, akatazama ule mgongo mdogo ukipanda na kushuka. Tabasamu lilikuja taratibu, ambalo Msumari hakuwa ameliona tangu meno yake ya mbele yalipoota upya. Akageuza shingo tu, akanong'ona:

— Baba, mguu umekufa ganzi. Nitautoaje bila kumwamsha?

Msumari alimtazama Spana. Spana alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Shemeji, na Shemeji akamtazama Mkunga, ambaye aliinua mabega tu. Kahawa ilikuwa imepoa mikononi mwao.