Mshipi wa Irakoze

Kwa jina lake aliyeliweka ziwa mahali pake na milima mahali pake, asiyemuumba mtu kwa kukosea, nasema. Mimi ni Tarsisi wa Bigirindavyi wa Ntirandekura, mzaliwa wa Kigwena, niliyevuka mpaka nikiwa kijana mwaka wa sabini na mbili kukimbia mauaji, nikafundisha dini kwa miaka thelathini katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, nikarudi na mvi kuidai michikichi ya baba yangu. Sikilizeni, wanangu, nawe Bahizire mkamua mawese, uliyetoka ng'ambo ya ziwa ukaijua nyumba hii kuliko waliozaliwa humu. Speciosa, niinulie kichwa. Nestori, kaa hapo karibu na mlango kama ulivyozoea, lakini usitoke.

Watu husema Tarsisi alizaa mwana mmoja na mabinti wawili. Leo nasahihisha: nina wana wawili na binti mmoja. Irakoze alikuwa na miaka kumi na saba aliponikuta nikiandaa mafundisho ya kipaimara, akasema, "Baba, mimi si binti. Nimejaribu tangu utotoni, nimechoka." Nami niliyeweza kuwafafanua mababa wa Kanisa kwa Kilatini chao sikuweza kumfafanua mtu aliyesimama mbele yangu. Nilimtuma kwa shangazi yake akafundwe, nikapokea pombe ya posa ya mchumba kutoka Gitaza. Pombe ile aliirudisha mwenyewe, mtungi mzima, akaniambia, "Baba, waambie wanywe tu, hawajapoteza kitu."

Kisha akachukua mshipi wa kukwelea. Kwetu mwanamke hakwei mchikichi. Yeye alikwea, na wenye mashamba waliomcheka asubuhi walimwajiri kabla jua halijatua, kwa maana mikungu yake ilishuka bila kupondeka. Wewe, Nestori, ulikuja kunilalamikia hapa hapa: "Muzee, ule mutoto iko anatutia haya. Ku soko wananiuliza dada yangu ataoa lini." Ilinipasa nikukemee. Nilikukaribisha uji.

Kazi yetu mnaijua. Mshipi hulowekwa majini tangu jioni ili usikauke ukavunjika, na aliyeuloweka huukabidhi kwa mikono miwili, kwa kuwa ameshika uhai wa mtu. Jioni moja Irakoze alichelewa mjini Rumonge, akakuomba wewe, Nestori, umlowekee. Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua: kumwamini ndugu. Kesho yake alianguka kutoka mchikichi wa nne kando ya kijito, nyonga ikavunjika, na aliyembeba ni Bahizire, mtu baki, na aliyemwosha damu ni Speciosa, huku wewe ukiniletea mshipi na kusema umeoza. Katika Maandiko yuko mzee wa kale ambaye wanawe walimletea kanzu yenye damu wakamsingizia mnyama. Yule alidanganyika, mimi sikudanganyika. Mshipi uliooza huachia uzi mmoja mmoja. Ule ulikatwa nusu kwa kisu, nusu ikamalizwa na uzito wa mtoto wangu.

Nilijua, nikanyamaza miaka mitatu. Niliogopa kuzikwa bila mwana wa kiume; kumbe ninao wawili, nikamficha mmoja ili nimlinde aliyemwangusha. Kwa hiyo wosia huu unaniadhibu nami, wala siombi unihurumie.

Mwaka jana nilivuka na Bahizire hadi Baraka, ng'ambo ya ziwa, alikohamia Irakoze baada ya nyonga kuunga. Nilimkuta anachechemea kati ya mapipa, ana mashine yake ya kukamulia, na watu wote pale wanamwita kaka. Nikamuuliza, "Mwanangu, ulianza lini kuwa mwanamume?" Akajibu, "Wewe, Baba, ulianza lini?" Nikatafuta mwaka, nikaukosa. Nikamuuliza tena kama anawapenda wanawake. Akacheka. "Hilo ni swali lingine, Baba, na la kwanza hujalimaliza. Nani mimi, na nani nampenda, ni vyungu viwili. Wewe unataka kuvifunika kwa kifuniko kimoja." Nilifundisha wengi, lakini siku ile ndipo nilipofundishwa.

Sasa shikeni. Nyumba hii ni ya Speciosa. Michikichi yote ya Kigwena, toka kijitoni hadi msituni, ni ya Irakoze, na kiti changu ni chake. Nestori, najua mwanao Olivier ameshaposa. Lakini mkisha kunifukia mtakuwa katika matanga, na katika matanga haozwi mtu, haipandwi mbegu. Siku ya kuganduka, ya kuondoa matanga, hufunguliwa na mrithi mkuu kwa kinywa chake. Asipokaa kitini mwangu, hakuna kuganduka, hata miaka kumi ipite, hata bibi harusi azeekee kwao.

Utakwenda kumleta wewe. Si Bahizire, wala si barua. Utavuka na mshipi ule, nao uko chini ya mto huu ninaolalia... Speciosa, mpe. Mpe, mwanangu. Utauloweka usiku kucha, ufike nao umelowa, umkabidhi kwa mikono miwili, useme mbele ya wateja wake ni nani aliyeukata. Usiniangalie hivyo. Msamaha usiniombe mimi, sina. Nimeurithisha pamoja na michikichi, sasa ni mali ya Irakoze, naye akitaka kutoa atatoa, akitaka kuuweka auweke.

Maji... hapana, acha. Yatosha.

Nizikeni chini ya mchikichi wa nne. Nestori achimbe... achimbe peke yake. Msiniimbie nyimbo ndefu.

Mliosikia... Speciosa, mkono wako uliomwosha usipungukiwe. Bahizire, mgongo wako... uliombeba... Mungu aubebe. Irakoze, usikie huko uliko, mwanangu, mwanamume wangu. Na kila aliyesikia mpaka hapa bila kuinuka mlangoni, Bwana amweke... amweke alivyo.