Mwenye Nguvu Asiyeweza Kuinama

Mwenyekiti, asante kwa kiti, lakini nitasema nikiwa nimesimama. Asalaam aleikum ndugu zangu Waislamu. Bwana asifiwe ndugu zangu Wakristo. Wazee wangu mliotoka huko juu Uha, mwakeye. Na wote mnaostahili shikamoo, shikamooni. Wale vijana wa boti ya asubuhi naona mmekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Msitoroke jamani, habari hii inawahusu kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nishuhudie jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Sitamtaja mtu kwa jina. Kibirizi yetu ni ndogo, na wengine ninaowasema mmo humu humu.

Kazi yangu mnaijua: ni kazi yenu, uchukuzi. Boti ikitia nanga, tunaingia majini, tunatwishwa magunia, tunatoka nayo hadi mizani. Mnajua pia michezo yetu ya sikukuu, ile ya watu wenye nguvu kule Ujiji. Kuna kunyanyua jiwe, kuna kuvuta lori kwa kamba, na kuna kubeba madumu. Unapewa madumu mawili yaliyojaa mchanga, moja kila mkono, unakwenda nayo mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, huku mtu ameshika saa. Kwenye jiwe, niseme ukweli, hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nalikumbatia, nalipandisha begani, watu wanapiga kelele, mke wangu anajifanya hanijui kumbe moyoni anafurahi.

Tatizo lilikuwa madumu. Kila sikukuu kulikuwa na ndugu mmoja kutoka kule Katonga, familia yao asili yake ng'ambo huko Kongo. Mwembamba! Ukimwona unataka kumnunulia chakula. Jiwe langu hawezi hata kulitikisa. Lakini madumu akiyashika, wee, anakwenda tititititi, anageuka, anarudi, anayaweka chini, anaanza kutafuta maji ya kunywa, na mimi bado sijafika kwenye kona. Nikitua mzigo nahema mpaka naona giza.

Sasa ndugu zangu, mtu mwenye akili angeuliza, kwa nini? Mimi nikasema, bado sina nguvu za kutosha. Nikaongeza uzito. Nilikwenda kwa jirani yangu fundi wa magari hapo Gungu nikaomba ekseli mbovu, nikawa nainyanyua kila jioni. Nikishindwa tena, naongeza. Jioni moja nimeongeza mpaka fundi mwenyewe akasema, "Kaka, hiyo ni ya lori, unajua?" Nikamwambia najua, na mimi ni lori.

Basi ikafika sikukuu iliyofuata. Nikayashika madumu. Nilipofika katikati ya uwanja, kidole cha mguu kikakwama kwenye kishungi cha nyasi. Kishungi tu, jamani, mbuzi angekila! Mwili ukaenda mbele, madumu yakabaki nyuma, mgongo ukasema ka! Nikala nyasi mbele ya watu wote. Mwanzoni walicheka. Halafu wakaja mbio, kwa sababu sikuinuka. Nilipakiwa kwenye bodaboda, mtu nyuma yangu kanikumbatia nisianguke, nikapelekwa hospitali.

Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi. Lakini kuanzia siku ile sikuweza kuinama. Mke wangu alinivalisha ndala. Kuoga nikishindwa kufika miguuni, anasugua yeye, hasemi kitu, na kutosema kwake kuliniuma kuliko kama angesema. Msikitini nikawekewa kiti mwisho wa safu. Wazee wenye umri wa baba yangu wanashuka, wanasujudu, wanainuka, na mimi kijana, kifua hiki mnachokiona, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nainamisha kichwa tu. Niliona aibu. Tena niliogopa, nawaambia ukweli. Niliogopa kwamba ndiyo basi: sitabeba tena, sitashindana tena, na paji langu la uso halitagusa mkeka tena mpaka nife.

Daktari akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole lakini hana masihara. Akaniambia, "Kaka, chuchumaa taratibu, hata kidogo tu." Nikashika meza nikajaribu. Visigino vikapaa, nikaangukia kitako.

"Umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu niumie."

"Hapana," akasema, "nyonga hizi na vifundo hivi vya miguu havikukaza mwezi huu. Vimekaza zamani. Kazini unainama saa ngapi?"

Hebu na ninyi jiulizeni. Gunia tunatwishwa tukiwa wima. Tunatembea wima. Tukifika tunalitupa tukiwa wima. Hata lile jiwe langu, nilikuwa nalichukua kwa mgongo, magoti yamenyooka kama nguzo. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa nguvu, na nyonga zangu hazikuwa na kazi. Aliponionyesha hivyo sikukasirika. Nilishangaa, tena nilishangaa kwa hamu, nikataka kujua na mengine. Nikamwuliza, kama hilo sikulijua, lipi jingine silijui? Akacheka. "Huna kazi sasa hivi. Nenda ufukweni ukaangalie watu wanavyotembea."

Nikaenda. Asubuhi moja nimekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, nawatazama ninyi. Mlidhani nimekuja kuwaonea wivu! Nikawaona akina mama wa dagaa wanavyoinama kutandaza, miguu imepanuka, kiuno kinakunjika, mgongo umenyooka, na wakiinuka hakuna anayeguna. Halafu nikaangalia mchanga wenye maji, pale tunapotokea ziwani. Nikaona kitu ambacho nimekikanyaga maisha yangu yote. Nyayo za mama aliyepita na beseni zilikuwa nyayo: kisigino, vidole, unavihesabu. Nyayo zetu sisi wachukuzi zilikuwa mifereji. Mifereji miwili mirefu, kutoka majini mpaka mizani.

Nikajiuliza, kwa nini tunaburuta miguu? Nikavua ndala nikaingia majini, mikono mitupu, mpaka magotini. Jibu likaja lenyewe. Chini kuna mawe, mengine yana utelezi, na ukiwa na gunia huoni unapokanyaga. Kwa hiyo mguu hunyanyui, unausukuma, unapapasa. Ukinyanyua umekwisha. Tangu siku ya kwanza ya kazi tunafundishwa hivyo na waliotutangulia, na ni sahihi kabisa. Kosa ni kwamba tukitoka majini hakuna anayeiambia miguu kwamba tumefika nchi kavu.

Na pumzi, jamani! Nikakaa namtazama mwenzetu mmoja, yuko hapa, anajijua. Gunia likimtua mabegani boti ikiyumba, anabana pumzi asitetereke. Vizuri. Lakini anatoka nayo majini, anapita mchanga, anasalimia mtu kwa nyusi, pumzi bado kaibana! Anaiachia pale kwenye mizani. Nilicheka peke yangu juu ya mtumbwi mpaka mgongo ukauma. Nikaelewa. Kule uwanjani madumu hayakuwa mazito. Mimi ndiye nilikuwa bado nimo majini.

Kuelewa ni kitu kimoja. Sikujua mtu anatembeaje na mzigo nchi kavu, na aliyejua nilikuwa namfahamu. Nikapanda bodaboda mpaka Katonga. Yule mwembamba aliponiona nashuka, akarudi nyuma hatua.

"Kaka, kama ni kwa ajili ya kule uwanjani, mimi sikukusukuma."

"Nimekuja kuuliza," nikamwambia, "unafanyaje?"

Alinitazama kwanza kuona kama namtania. Halafu uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyesubiri miaka aulizwe. Akasema, "Wewe ukibeba madumu unakwenda kama umebeba jeneza. Hatua ndefu, heshima nyingi." Akanionyesha. Hatua fupi za haraka, mguu unapaa kidogo tu na kutua chini ya mwili, si mbele yake. Pumzi ndogo ndogo, inaingia, inatoka, haisimami. Na akanipa sharti: nianze na madumu matupu.

Matupu! Mimi! Gungu yote ilinicheka. Nikipita nakimbia na madumu yanagongana, watoto wananifuata wakiimba. Mama mmoja akaniuliza, "Baba, unakwenda kuchota upepo?" Nikirudi nyumbani mke wangu naye: "Ungepitia bombani basi, angalau tupate maji ya kuogea." Nikavumilia. Asubuhi nakalia visigino huku nimeshika nguzo ya jikoni, nahesabu pumzi. Chakula nikaacha meza, nakula kwenye mkeka, na kila nikiinuka napaswa kutumia miguu. Jioni napanda kile kilima cha kwetu mbio fupi, nashuka polepole mpaka pumzi irudi, napanda tena. Mgongo ulipokubali, mimi na yule mwembamba tukatia mchanga kidogo kwenye madumu. Ukikataa, tunapunguza.

Msidhani nilikuwa mtakatifu. Siku moja nilipita kwa fundi, nikaona ile ekseli imelala pale. Nikaitazama. Nikaangalia huku na huku. Nikainyanyua. Mgongo ukanikamata palepale, nikabaki kwenye kile kiti cha plastiki msikitini. Nilikwenda kwa yule dada nikijua atanifokea, hata maneno ya kujitetea niliyaandaa. Hakufoka. Aliuliza, "Ulitaka kujua nini?"

Nikamwambia, "Nilitaka kujua kama bado ni mimi."

Ndugu zangu, machozi yalinitoka pale, mtu mzima. Dada yule akaniacha nilie. Akasema, "Swali lako ni zuri. Liulize kwa madumu matupu, yatakujibu bila kukuumiza." Nikayarudia matupu, na safari hii sikusikia tena kicheko cha mtu.

Sasa sikilizeni. Ikaja Ijumaa moja, saa ya alasiri. Nimefika msikitini, kiti changu kipo mahali pake, wamekizoea. Sijui ni nini kilinisukuma. Nikakiegemeza ukutani nikasimama kwenye safu na wenzangu. Rukuu ikapita salama. Imamu akasema Allahu akbar ya kusujudu, nikakunja magoti, nikashuka, taratibu, nikangoja ule mgongo useme ka. Haukusema. Paji la uso likagusa mkeka. Nikasikia harufu ya mkeka, ndugu zangu, harufu ya miguu ya watu na vumbi, na sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile. Nikakaa pale pale. Watu wakainuka, mimi niko chini nalia. Tulipotoa salamu, mzee wa kushoto kwangu akaninong'oneza, "Mwanangu, nilidhani umekwama. Nilikuwa najiandaa kukuinua." Nikamwambia, "Mzee, sikukwama. Nilikuwa sitaki kutoka."

Sikukuu ikaja, nikaenda uwanjani. Jiwe kubwa nililiacha. Watu walipiga kelele, "Linyanyue! Linyanyue!" Nikawapungia mkono. Nilikuja kwa ajili ya madumu. Filimbi ikalia, nikaenda tititititi, pumzi inaingia, inatoka, kona nikaigeuka kwa hatua ndogo kama nilivyofundishwa. Yule ndugu wa Katonga alinishinda, msije mkasema nadanganya. Lakini safari hii alipokaribia mstari aligeuza shingo kuniangalia, kwa sababu alinisikia nyuma yake. Nilitua madumu nikiwa nimesimama, na nikaweza kuongea. Neno la kwanza nililosema ni, "Umeniogopa!" Akacheka, tukakumbatiana.

Nawashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru yule dada wa hospitali ambaye hakuniambia niache kubeba, aliniambia nijifunze kubeba. Namshukuru ndugu wa Katonga, alinipa siri ya kumshinda yeye mwenyewe na hakuogopa. Nawashukuru ninyi, mlinigawia zamu nyepesi nilipoanza kupona bila kunisimanga. Na mke wangu, yuko pale upande wa akina mama, anaangalia chini: mama, zile ndala ulizonivalisha sitazisahau.

Funzo langu ni fupi. Ukishindwa, usiongeze uzito kwanza. Uliza kwanza. Angalia mguu wako unakanyagaje, pumzi yako iko wapi, kiuno chako kinakunjika au kimelala. Nguvu tunazo, Mungu ametupa. Wepesi tunautafuta wenyewe, na haupatikani kwa kuona aibu ya madumu matupu.

Namalizia. Kuna mwenzetu mmoja humu, simtaji. Juzi nilimwona anashuka kwenye boti ameshika kiuno, na mtu alipomtazama akakiachia haraka akatabasamu. Kisha akaomba atwishwe magunia mawili kwa pamoja. Ndugu yangu, mimi nilitabasamu hivyo hivyo. Kikao kikiisha nitakuwa hapo nje mlangoni, sitakuuliza mbele ya watu. Njoo tu, tuchuchumae wote wawili, na ukianguka nitaanguka na wewe.