Tundu la Sita

Benchi letu la Nyamianda liko mbele ya karakana ya Fundi Hatungimana, na kahawa ni ya Kankindi na thermosi yake. Mimi wananiita Visa, kwa kuwa nimefika Kalemie, Kigoma na Bujumbura, na kote huko sikujifunza kupigilia hata msumari. Asubuhi ile sote tulikuwa tumekodolea macho kitu kimoja. Sanduku la marehemu Havyarimana wa Nyakabere lilikuwa mbele yetu, tupu, mfuniko umekazwa kwa visi tano, ile misumari ya kuzungusha, ili mbao zisipinde kwa unyevu wa ziwa. Tundu la sita Fundi halitoboi mpaka maiti awe ndani, nyumbani, mbele ya familia. Ndiyo desturi yake. Sasa lilikuwa limetobolewa.

— Familia iko njiani, Fundi akasema. Wakiliona, watasema sanduku lilishapata mwenyewe. Watalikataa. Na ule mzee njo alinifundisha kazi!

— Ni muchwa, akasema Duane, aliyewahi kupekua mizigo mpakani na hajaacha.

— Muchwa wa kutoboa muviringo hivi? Weye!

— Basi mwizi aliazima meshi yako.

— Meshi ililala mu mufuko ya suruali, na minye nikalala mu suruali.

Meshi hiyo, ncha ya keekee, aliinunua Bujumbura: inatoboa tundu, na papo hapo, upande inakoingilia, inachimba kikombe cha kulaza kichwa cha visi. Mtaani kwetu iko moja tu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Katekista, ambaye hajawahi kufundisha hata paka. Mubao ni wa Mulenge, kule iko baridi. Umeshuka huku mu joto, unatafuta pa kupumulia.

— Minye naona ni ziwa, Duane akashusha sauti. Lilishakula manyumba. Sasa linapima masanduku.

Nikajitia ufundi: nikachukua visi ya sita, nikaizungusha tunduni. Ikaingia, lakini kichwa kikabaki nje, kama changu kwenye kila picha ya ukoo.

— Fundi, kikombe hakiko! Meshi yako imechoka.

Fundi akaitoa visi, akapapasa tundu. Akapapasa tena.

— Huku hakiko, akasema polepole.

Pikapu ikasimama. Akashuka Generose, kifungua mimba wa marehemu. Tukamsogezea nafasi kwenye benchi, hakukaa. Macho yake yalikuwa kwenye tundu.

— Fungueni.

— Mama Generose, kahawa kwanza...

— Fungueni, baba.

Visi tano zikatoka. Fundi akageuza mfuniko. Kikombe kilikuwa upande wa ndani, safi, laini kama kitovu cha mtoto. Na mle sandukuni, juu ya kitambaa cheupe, unga mpya wa mbao.

Kankindi akafunika thermosi yake. Fundi akatia mkono mfukoni ilimolala meshi, akauchomoa haraka kama aliyegusa jiko.

Generose akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Sasa baba tunamulaza na nani?