RAM Iliyokataa Kuingia

NERIMA: Haloo? Hapo ni kwa fundi wa kompyuta?

KIPCHIRCHIR: Kipchirchir hapa. Naongea na nani?

NERIMA: Nerima. Boss, kuna RAM, hii memori ya kompyuta, naweka kwa desktop. Inakataa kuingia.

KIPCHIRCHIR: Usilazimishe, madam! Utavunja bodi. Ile ya zamani unayo?

NERIMA: Iko mkononi.

KIPCHIRCHIR: Zilaze pamoja. Ile pengo ya chini, iko mahali pamoja kwa zote mbili?

NERIMA: Zii. Ya hii mpya iko karibu na katikati.

KIPCHIRCHIR: Basi ni DDR4, ile aina mpya, na mashine yako ni ya DDR3, ya zamani. Hata ukileta nyundo haiingii. Nani huyo alikuuzia bila kufungua mashine?

NERIMA: Ni wewe.

KIPCHIRCHIR: Mimi? Haiwezi—

NERIMA: Risiti iko na namba yako. Nimeipata leo kwa jaketi ya mzee wangu, na hii RAM.

KIPCHIRCHIR: [mkwaruzo] Mzee wako ni—

NERIMA: Jerry, bwanangu. Wa Kiamunyi. Marehemu. Hiyo jaketi ndiyo alikuwa amevaa siku hiyo.

KIPCHIRCHIR: [kiti kinavutwa]

NERIMA: Fundi? Umepotea?

KIPCHIRCHIR: Niko. Pole, mama. Alinipigia ile Jumamosi, akasema imekataa. Nikamwambia, kimbia na pikipiki, nafunga saa saba. Nikangoja mpaka saa tisa. Halafu nikasikia lori ilimgonga njiani.

NERIMA: Ngoja. Alikuwa anakuja kwako?

KIPCHIRCHIR: Kubadilisha. Alisema mtoto wake Sue ana project ya shule na mashine inakwama.

NERIMA: Woi. Mimi nilisikia hiyo simu, nikamfukuza, nikamwambia aende kwa huyo mwanamke wake. Fundi, hata kaburini sikumrushia mchanga.

KIPCHIRCHIR: Hakukuwa na mwanamke, mama. Ni mimi alikuwa anaongea na mimi. Mpaka leo piki ikisimama nje ya duka nainua kichwa, naona kama ni yeye.

NERIMA: Ungemwambia tu akuje Jumatatu—

KIPCHIRCHIR: Najua. Kila siku najua.

NERIMA: Mwaka mzima nimemwambia mtoto babake alikufa akienda kwa mwanamke. [analia] Sue! Sue, kuja hapa!

KIPCHIRCHIR: Mama, usi—

NERIMA: Nimeweka loudspeaker. Mwambie wewe, mimi hawezi kuniamini. Haraka, credit inaisha.

KIPCHIRCHIR: Sue? Mimi ni fundi. Babako alikuwa anakuja kwangu. Nilimuuzia RAM si ya mashine yake, kosa ni langu. Hakuwa anaenda kwingine. Umenisikia?

[mkwaruzo]

KIPCHIRCHIR: Sue? Haloo? Umenisikia? [simu imekatika]