Bi Irja na Sentensi Moja ya Neno "Äiti"

Bi Irja Pöyhtäri ameitumikia Hifadhi ya Maneno, hapa mjini Turku, kwa miaka thelathini na minane na miezi mitano. Anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Mei. Kahawa ipo, mikate ya mdalasini ipo, na mimi nina hasira.

Alianza kama mpanga kadi za maneno, akapanda hadi mhariri wa asili ya maneno. Amezunguka mkoa mzima wa Kainuu akinakili maneno kutoka vinywani mwa wazee, na mara mbili alisahau viatu kwenye sauna za watu, vile vibanda vya kuogea mvuke.

Kazi yake anayoipenda kuliko zote ni maelezo ya neno "äiti" katika kamusi yetu, yaani mama kwa lugha yetu. Aliandika kwamba tulilikopa zamani sana kwa majirani, na lile letu la asili, "emo", tukawaachia wanyama. Kila Siku ya Mama simu zililia. Bwana mmoja wa Lapua alifoka, "Mama yangu mimi hakukopwa kwa mtu, unasikia?" Bi Irja akamjibu, "Mama ni wako, bwana wee. Neno ndilo la watu." Bwana yule alicheka, na hadi leo hutuma kadi kila Mei.

Mwezi uliopita mkurugenzi wetu mpya, Bwana Ruoranen, aliifuta sentensi hiyo katika toleo jipya. "Watu hawanunui kamusi ili watukaniwe mama zao," alisema mkutanoni. Hakumuuliza hata mwenyewe! Hiyo ni dharau, na sitafuti neno lingine.

Bi Irja alisimama. "Mama aliyenizaa alikufa nikiwa na miaka miwili," alisema. "Lempi alikuja kutoka kijiji kingine, akaolewa na baba, akanilea. Nikamwita äiti. Nani hapa ataniambia hakuwa mama yangu kwa sababu alitoka kwa watu?" Kisha ukurasa uliofutwa sentensi, aliotakiwa kuuidhinisha, akaurudisha mezani bila kuutia sahihi. Wahariri wote waliopewa baada yake wameukataa pia, mimi nikiwa wa kwanza.

Kurasa za kamusi hupita kwa mkurugenzi. Karatasi hii ya programu ya kahawa ya kumuaga, mliyoishika mkononi, haikupita. Basi sentensi yenyewe hii hapa, nzima: "Äiti ni neno la mkopo kutoka lugha ya kale ya Kigermani, lililochukua nafasi ya neno la asili, emo."

Asante, Bi Irja. Nenda Kainuu ukapumzike, uwashe sauna mchana kweupe, uishi vizuri na kwa muda mrefu. Na ukipita kaburini kwa Lempi, mwachie nakala moja ya programu hii.